Kuzirudia filamu za Scooby-Doo na watoto likizo hii: ianze ipi, ipi ingoje, na flashi isiyotoa sauti

BintiWete

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Skuli zinakaribia kufungwa na nyumbani, Wete, kuna watoto watatu: wa miaka 5, wa 8 na wa 12. Scooby-Doo, yule mbwa wa katuni, wanamjua, lakini kwa vipandevipande vya kwenye king'amuzi, leo mwanzo wa filamu hii, kesho mwisho wa ile. Nia ni kuzirudia zile filamu ndefu za katuni kwa mpango, moja kila siku ya pili, baada ya Isha, nyumba nzima na bibi yao akiwemo. Wanaozijua vizuri wanisaidie haya:

1. Zifuatwe kwa mwaka zilivyotoka, au kuna mpango bora?
2. Zipi zingoje mpaka wa miaka 5 alale? Na zipi zina uchawi na mashetani ya kweli ndani ya hadithi, siyo mtu aliyevaa kinyago?
3. Watoto wanasubiri kukimbizana tu. Nifanyeje wamtafute mkosa wenyewe?
4. Kiingereza cha wa miaka 8 bado kichanga, na bibi hakijui kabisa.
5. TV ni ya inchi 32, ya zamani kidogo. Flashi inaonesha picha, sauti hamna. Filamu nyengine hazitokei hata kwenye orodha.

Mtegaji1969

Waaleikum salaam, dada. La kwanza na la pili nayajibu pamoja maana jawabu lake ni moja: usifuate mwaka. Panga kwa kuuliza, kizuka cha filamu hii ni mtu au ni kizuka kweli?

Mfululizo wa asili ulianza kuoneshwa tarehe 13 Septemba 1969 kwenye CBS ya Marekani. Kampuni ni Hanna-Barbera, watunzi Joe Ruby na Ken Spears, na aliyewachora wahusika ni Iwao Takamoto. Wakati ule wazazi kule walikuwa wanalalamikia katuni za Jumamosi asubuhi kwa kujaa mapigano, ikatakiwa kitu cha kutisha kidogo, cha kuchekesha zaidi, na kisichomuumiza mtu. Ndipo ikaja ile kanuni: mwisho kinyago kinavuliwa, na chini yake yumo mtu mwenye tamaa ya ardhi, hazina au magendo. Filamu za video zilipoanza mwaka 1998 na Scooby-Doo on Zombie Island, kanuni ile ilivunjwa makusudi. Kuna pahala Fred, kijana mtega mitego wa kundi la Scooby, amemkamata zombi, anamvua kinyago kama kawaida yake, na kichwa kizima kinamjia mkononi. Kipande kile kina nguvu kwa mtu aliyekwisha kuona vinyago kumi vikivuliwa. Mtoto anayeanzia hapo anabaki na kitisho peke yake. Na ukifuata mwaka, ya kwanza kabisa ndiyo hiyo. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: usiku wa kwanza mdogo analia, usiku wa pili hataki hata kusikia jina la mbwa.

Nne za mwanzo zote zina jambo ambalo si la kinyago, lakini si sawasawa:

Zombie Island (1998): mazombi ya kweli, na kuna wabaya wa kweli ambao si mazombi. Ndiyo nzito kuliko zote. Iko kwenye vinamasi vya Louisiana, usiku mwingi, na kuna paka wengi kupita kiasi. Mwambie mtoto awaangalie hao paka.

Witch's Ghost (1999): nusu ya kwanza mzuka ni wa uongo, watu wa mji wenyewe wameubuni ili watalii waje. Sisi tunaoishi kwa utalii tutacheka kwa sababu zetu. Nusu ya pili inageuka: kuna kitabu cha uchawi, na mchawi mwenyewe anatoka. Kama nyumba yako haitaki uchawi wa kweli hata wa katuni, hii ndiyo ya kuacha.

Alien Invaders (2000): hapa kuna ufundi mzuri. Wageni wa angani wanaotisha ni watu wenye vinyago wanaochimba dhahabu kwa siri. Wageni wa kweli ni wengine, tena wema. Nusu kinyago, nusu kweli, na hakuna la kumtoa mtoto usingizini.

Cyber Chase (2001): kirusi cha kompyuta kinachotoka nje ya mashine. Kiumbe ni cha kweli ila kimetengenezwa na mtu, kwa hiyo mkosa yupo na anatafutika.

Mpango wangu kwa nyumba yako:

Siku mbili za kwanza, vipindi vitatu vinne vya mwaka 1969. Kila kimoja ni dakika 22 hivi, na misimu miwili ya mwanzo ina vipindi 25 tu (17 na 8). Anza na kile cha kwanza, cha vazi la chuma la askari farasi kwenye makumbusho. Hapo mtoto anapata kanuni.

Halafu filamu za kinyago tupu: Monster of Mexico (2003), Aloha (2005), Pirates Ahoy! (2006). Wa miaka 5 akae bila wasiwasi.

Kisha za kinyago lakini zenye mafumbo makubwa zaidi: Legend of the Vampire (2003, Australia), Loch Ness Monster (2004, Uskoti), Where's My Mummy? (2005, Misri). Hii ya Misri watoto wanaosoma habari za Firauni chuoni watakuwa na maswali mengi, jitayarishe.

Baadaye Cyber Chase, kisha Alien Invaders iwe daraja. Zombie Island iwe ya mwisho au karibu na mwisho, mdogo akiwa kalala. The Goblin King (2008) na Samurai Sword (2009) nazo zina nguvu za kweli ndani yake, ziweke kundi moja na Witch's Ghost.

KisiwanduiKwetu

Naungana na Mtegaji kwa wa miaka 5. Kwa wa miaka 12, hapana.

Mtoto wa miaka 12 ukimwekea wiki mbili za vinyago atakuambia hizi za kitoto na ataondoka na simu. Nne za mwanzo zilichorwa na Mook Animation ya Japani, na tofauti inaonekana kwa jicho la kawaida: vivuli, maji, mwanga wa taa kwenye ukungu. Kuanzia Loch Ness Monster mchoro unafuata mtindo wa mfululizo wa televisheni wa wakati ule, mistari minene na rangi bapa. Ukimpeleka kutoka mtindo huu mpaka ule wa Zombie Island sawa, ataona amepanda. Lakini kama hajafika huko kashachoka, umempoteza. Mkubwa aone vipindi viwili vya 1969, kisha Zombie Island usiku wa pili akiwa peke yake na mzazi. Baada ya hapo atakaa na wadogo zake kuangalia za kinyago akiwa na swali kichwani kila mara: na hiki je, ni cha kweli? Swali hilo ndilo litakalomkalisha kitako.

Jengine, waambieni watoto mapema kuhusu sauti, maana watauliza. Don Messick, aliyekuwa Scooby toka mwanzo, alifariki 1997, na Zombie Island imetolewa kwa kumbukumbu yake. Shaggy, yule kijana rafiki wa mbwa, wa 1998 ni Billy West, wa 1999 hadi 2001 ni Scott Innes, kisha Casey Kasem wa asili akarudi na kuendelea mpaka Samurai Sword ya 2009, na kuanzia 2010 ni Matthew Lillard, yule yule aliyemwigiza kwenye filamu za waigizaji halisi, zisizo za katuni. Frank Welker ni Fred toka 1969, na tangu 2002 anamfanya na mbwa pia. Kwa hiyo katika filamu za baadaye Fred anapozungumza na Scooby, ni mtu mmoja anajijibu. Wakubwa watapenda kulisikiliza hilo.

Mtegaji1969

Kwa wa 12 nakubali. Ila vipindi viwili havitoshi, vitatu. Kanuni haijakaa kwa viwili.

Mwalimu_Jambiani

La tatu ndilo lenye kazi, nalo ndilo faida yenyewe ya kuzirudia.

Filamu moja ni dakika 70 na kidogo, na mwendo wake karibu haubadiliki. Robo ya kwanza kundi linafika na wenyeji wanaletwa mmoja mmoja. Kizuka kinatokea. Katikati ni dalili, zimechanganywa na kukimbizana. Kisha mtego wa Fred, ambao unaharibika kwa sababu ya Shaggy na Scooby na unamnasa mkosa kwa bahati. Mwisho Velma, msichana mwerevu wa kundi, anaeleza. Sheria ya haki ya hadithi za namna hii ni kwamba mkosa lazima tumeshamwona kabla. Kwa hiyo simamisha mara mbili tu.

Mara ya kwanza, dakika ya 20 hivi, baada ya kizuka kutokea kwa mara ya kwanza. Chukua karatasi, chora safu tatu: jina, anachokitaka, alikuwa wapi kizuka kilipotokea. Wa miaka 5 asiyeandika achore sura. Kwenye vipindi vya 1969 utapata washukiwa wawili, pengine mmoja tu, ndiyo maana vile vipindi ni rahisi. Kwenye filamu tarajia wanne hadi sita.

Mara ya pili, Fred anapoanza kueleza mtego. Usingoje mtego uanze, kwani hapo kelele zitakuwa nyingi na hakuna atakayefikiri. Kila mtu ataje jina moja na dalili moja. Jina bila dalili halihesabiwi. Hili lisimamie, la sivyo wote watafuata jibu la mkubwa.

Usisimamishe zaidi ya hapo. Ukisimamisha kila dalili ikitokea, umeshawaambia kuwa ile ni dalili.

Makosa ya watoto ni yale yale. La kwanza, wanamtaja mtu mkali. Mzee anayefokea watalii, mlinzi mwenye kovu, mvuvi asiyetaka maswali: huyu amewekwa makusudi ili apoteze watu. Waulize, huyu anafaidika nini watu wakikimbia? Hana faida, mfute. La pili, wanategemea safu ya tatu peke yake: hakuwepo kizuka kilipotokea, basi ni yeye. Inafanya kazi kwenye mfululizo wa asili. Kwenye filamu inakwama wahalifu wakiwa zaidi ya mmoja, kama ile ya Australia, au wakiwepo watu wa mbali mbali kila mmoja na hila yake, kama ya Loch Ness. Na ile ya Misri inawanasa hata wakubwa, kwa sababu walioandika orodha hawakufikiria kuwaandika watu fulani. Sisemi zaidi.

Dalili nzuri kuliko zote za kufundishia imo kwenye Zombie Island. Mtu anadai mwenzake ameburutwa na mazombi. Velma anaangalia chini: alama ni za viatu vilivyotembea, hazina mburuzo. Simamisha picha hapo ukirudia mara ya pili, siyo ya kwanza. Mtoto aliyecheza pwani mchanga umelowa anajua tofauti ya nyayo na mburuzo wa ngalawa, kwa hiyo hili atalipata mwenyewe bila kutafsiriwa.

Kwa nia ya mkosa, mifano ya kwetu inasaidia kuliko maelezo. Ukisema "mlanguzi wa vito", wa miaka 8 hana picha. Mwambie: mtu wa magendo ya karafuu akitaka usiku watu wasishuke bandarini, si ataeneza maneno kwamba kule kuna shetani? Watoto wa Pemba hapo hapo wanaelewa kwa nini mtu ajitie kizuka. Na kwa mtoto mwenye khofu ya popobawa, karatasi yenye safu ya "anachokitaka" inamtuliza kuliko kuambiwa usiogope.

Mkizirudia kwa mara ya pili, geuzeni mchezo: mkosa anajulikana, kazi ni kusikiliza maneno yake toka anapoingia. Andikeni sentensi zake zenye maana mbili. Filamu nzuri zina tatu nne. Dhaifu hazina hata moja, mkosa anatajwa mwisho kwa sababu Velma aligundua jambo ambalo sisi hatukuoneshwa. Hizo ziachwe zipite, wala msizipe usiku wa pili.

FundiKikwajuni

La tano.

Picha ipo, sauti hamna: karibu hakika sauti ya faili ni ya aina ya DTS. TV nyingi haziisomi. Hakikisha hivi: fungua faili kwenye laptopu kwa programu ya VLC, bonyeza Ctrl na J, tazama mstari wa sauti. Ikiandikwa DTS, tatizo ndilo hilo na TV haina ubovu.

Dawa: programu ya HandBrake, ni ya bure. Weka faili, chagua mpangilio wa Fast 720p30. Upande wa picha iwe H.264, ubora RF 22, na kwenye chaguo la Tune weka animation, kwa sababu katuni ina maeneo mapana ya rangi moja. Upande wa sauti iwe AAC, stereo, 160. Toa kama MP4. Filamu ya dakika 75 itatoka MB 500 hadi 800 hivi, na macho hayataona tofauti kwenye inchi 32.

Hazitokei kwenye orodha: sababu ni nne, angalia kwa mfuatano huu.
Flashi imepangwa (format) kwa NTFS au exFAT; TV ya zamani inataka FAT32.
Faili limezidi GB 4. FAT32 haibebi faili moja kubwa kuliko hapo.
Picha imebanwa kwa H.265, ambayo TV ya zamani haiisomi; igeuze kwa HandBrake kama juu.
Jina la faili ni refu au lina alama za ajabu. Andika 01_mexico.mp4, 02_aloha.mp4. Namba mbele pia inapanga zifuatane kama mnavyotaka kuangalia.

Nunua flashi ya GB 16 au 32, usipande. Windows kwa njia ya kawaida hairuhusu kupanga FAT32 juu ya GB 32. Na zile za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 512, nyingi ndani hazina hata robo. Zinapokea faili zote na kuonesha majina, kisha filamu haifunguki. Pima kwa programu ya H2testw kabla ya kujaza.

Toa flashi kwa utaratibu, bonyeza eject usubiri. Ukiichomoa wakati bado inaandika, filamu itakatika dakika ya 60, mkosa hajavuliwa kinyago. Nyumba haitakusamehe.

Wenye deki: diski halisi zinazoletwa kutoka Marekani ni za kanda (region) ya 1, sisi Afrika Mashariki ni kanda ya 5. Deki ya kanda moja itazikataa. Tafuta deki ya kanda zote. Laptopu inakubali kubadilishwa kanda mara 5 tu, ya tano inabaki hapo hapo milele, kwa hiyo usijaribujaribu. Zile diski za filamu 16 kwa moja achana nazo. Mbali ya kuwa si halali, DVD ya GB 4.7 ukiigawa kwa 16 kila filamu inapata chini ya MB 300. Penye giza picha inakuwa vijiboksi, na dalili za hizi filamu ziko gizani.

Kwa sababu hiyo hiyo, TV itoe kwenye hali ya rangi kali uiweke ya sinema, zima kile cha kupunguza mwanga ili kuokoa umeme, na taa ya chumbani iwe nyuma ya watu, isipige kioo. Filamu nne za mwanzo zimetengenezwa kwa umbo la 4:3. TV ikizivuta kujaza kioo Fred anakuwa mnene. Weka 4:3, mistari myeusi pembeni iacheni.

MamaWawili_Chake

La nne. Njia mbili, na kila moja ina pahala pake.

Ya kwanza ni mtu mmoja kutafsiri kwa mdomo. Kosa la wengi ni kutafsiri kila sentensi, matokeo yake mtafsiri anazungumza juu ya dalili. Tafsiri mwisho wa tukio, sentensi mbili: nani kasema nini, na nani hakumwamini nani. Wakati wa kukimbizana nyamaza kabisa, kule hakuna cha kutafsiri. Anayetafsiri asishiriki kumtaja mkosa, maana sauti yake itamtoa.

Ya pili ni kuandika maandishi ya chini kwa Kiswahili. Ni kazi ya jioni tatu nne kwa filamu moja ukianza na faili la Kiingereza lililokwisha kupangwa saa. Fungua kwa programu ya Subtitle Edit au hata Notepad. Kila kipande kina namba, mstari wa saa kama 00:12:05,200 --> 00:12:08,400, maneno, kisha mstari mtupu. Yanayoharibika: kuweka nukta badala ya koma kwenye saa, kusahau mstari mtupu, vipande viwili vikaungana, na Notepad kuongeza .txt mwishoni ili jina likawa .srt.txt. Jina la maandishi lifanane na la filamu herufi kwa herufi, na uhifadhi kwa UTF-8.

Kiswahili kinachukua nafasi. Sentensi ya Kiingereza ya maneno manne kwetu ni maneno mawili marefu, lakini maelezo ya Velma ya mwisho yanafurika. Weka mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 40, na kwa msomaji wa miaka 8 kadiria herufi 12 kwa sekunde. Kipande cha sekunde 3 basi ni herufi 36. Isipotosha, kata maneno, usipunguze saa. Kata mizaha kwanza, dalili usiziguse.

Maandishi yakitangulia au yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho, VLC inasogeza kwa G na H. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana, hiyo ni tofauti ya kasi ya picha: faili moja la picha 25 kwa sekunde na jengine la 23.976. Kwenye filamu ya dakika 75 mwisho yatakuwa yameachana kwa dakika 3. G na H hazikusaidii hapo; badilisha kasi ndani ya Subtitle Edit.

Maneno ya Shaggy ya kushtuka yaache kama yalivyo, watoto wanayapenda kwa sauti yake. Lile neno la mkosa anapokamatwa, kwamba angefaulu lau si wao, usiandike "watoto wanaoingilia". Neno lipo: vitoto vidakuzi.

Na bibi ajue mapema kwamba yule mbwa anakula sahani moja na Shaggy. Astaghfirullah zitoke zote siku ya kwanza, mpate kuangalia kwa utulivu.

BintiWete

Ahsanteni sana, nyote. Ctrl na J inaonesha DTS kama alivyosema fundi. Faili la kwanza limegeuzwa na sauti inatoka. Mawili: TV ikizimika umeme ukikatika haikumbuki ilipofikia, kuna dawa? Na Mwalimu, Cyber Chase dalili yake mtoto wa kwetu ataipata?

FundiKikwajuni

TV za umri huo hazina dawa. Mtu mmoja aandike dakika kwenye ile karatasi ya washukiwa kila mkisimamisha. Ukirudi, ruka kwa rimoti mpaka dakika mbili kabla. Ikikataa kuruka kabisa, kuna uwezekano mkubwa faili halikunakiliwa vizuri, linakili tena.

Mwalimu_Jambiani

Bila msaada, hataipata. Dalili kubwa ya Cyber Chase imejengwa juu ya besiboli: maneno anayoyatumia kirusi ni ya mchezo ule, na mtoto wa Marekani yanamgonga sikio. Wetu yanampita kama kelele. Kabla ya kuanza, dakika tano: kuna mchezo wa gongo na mpira, mpigaji anakimbia vituo vinne vilivyopangwa kama almasi, na akitolewa mwamuzi anapiga kelele ya kumtoa. Chora ile almasi kwenye karatasi. Ila usiwaambie kwa nini unawaeleza, na usieleze mchezo huo peke yake. Changanya na mwengine, mathalan gofu, ili wasijue upi una kazi.

KisiwanduiKwetu

Gofu wa miaka 12 atajua ni danganya toto. Weka kriketi.